Mizani na Mlima: Mpanda Baiskeli Mtu Mzima na Ari ya Kupunguza Uzito

Mtu aliyeendesha baiskeli tangu ujanani, akafika umri wa miaka 55 au 60, hugundua siku moja kwamba mlima aliokuwa akiupanda huku akizungumza na mwenzake sasa humlazimisha kushuka na kukokota. Barabara ni ile ile, na pengine hata baiskeli ni ile ile. Kilichobadilika ni mpandaji mwenyewe: pumzi imepungua, miguu imelegea, na mkanda wa suruali umeongezwa matundu mawili.

Aghalabu mtu huyo huweka nia ya kupunguza uzito. Hujipima kwenye mizani, huongeza safari za baiskeli, hupunguza chakula, na baada ya majuma matatu hujipima tena. Anapoona kwamba mshale wa mizani haukusogea, au umesogea kidogo tu, huvunjika moyo. Huacha nia yake, na mara nyingi huacha na baiskeli pia. Hasara anayoipata hapo ni kubwa kuliko kilo zile alizokusudia kuziondoa, kwa sababu amekitupa chombo ambacho kingemlinda moyo, mapafu na misuli katika miaka iliyobaki.

Makala haya yanaeleza kisayansi kwa nini mizani humvunja moyo mpanda baiskeli mwenye umri mkubwa, na ni kipimo gani kingine kinachoweza kumtia ari ya kuendelea.

MLIMA UNADAI NINI

Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba kazi inayofanywa katika kupandisha kitu hupatikana kwa kuzidisha tungamo la kitu hicho kwa mchapuko wa uvutano, kisha kwa kimo kinachopandwa. Kwa hesabu nyepesi, mchapuko wa uvutano huchukuliwa kuwa mita 10 kwa sekunde kwa sekunde.

Mfano mzuri ni barabara itokayo Mombo, chini ya milima ya Usambara, kwenda Lushoto. Urefu wake ni takriban kilometa 33, na hupanda kimo cha takriban mita 1,000. Na ichukuliwe kwamba mpandaji ana kilo 80 na baiskeli yake, pamoja na mzigo mdogo, ina kilo 20. Jumla ni kilo 100. Kazi ya kuupandisha uzito huo mpaka juu ni 100 × 10 × 1,000, yaani juli 1,000,000, au kilojuli 1,000.

Nguvu, katika lugha ya fizikia, ni kazi inayofanywa kila sekunde, nayo hupimwa kwa wati. Ikiwa mpandaji huyu anaweza kutoa wati 100 kwa ajili ya kupanda peke yake, atahitaji sekunde 10,000 kufika Lushoto, yaani karibu saa 2 na dakika 47. Akipunguza kilo 8 za mwili wake, jumla itakuwa kilo 92, kazi itakuwa kilojuli 920, na muda, kwa nguvu ile ile, utakuwa sekunde 9,200. Ameokoa sekunde 800, yaani dakika 13 na sekunde 20. Hesabu hii haikuhusisha upepo wala msuguano wa tairi, lakini inatosha kuonyesha kwamba mlima huudai uzito wa mtu kilo kwa kilo, bila msamaha.

Katika barabara tambarare mambo ni tofauti. Hapo adui mkubwa wa mpandaji mwenye mwendo ni hewa, ambayo ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa mwendokasi. Uzito huongeza msuguano wa tairi tu. Kwa mwendo wa kilometa 18 kwa saa na tairi za kawaida, kilo 8 za ziada huhitaji nyongeza ya wati 2 au 3 peke yake, kiasi ambacho mpandaji hawezi kukitambua. Ndiyo maana mtu anayeishi mahali palipo tambarare anaweza kuongezeka uzito kwa miaka mingi bila baiskeli yake kumwonya, mpaka siku atakapokutana na mlima.

UMRI NA MWILI

Watu wengi huamini kwamba mara mtu apitapo miaka 40 moto wa mwili hupoa, na kwamba kunenepa ni sheria isiyoepukika. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha uchunguzi mkubwa uliokusanya vipimo vya zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29. Ulionyesha kwamba, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli na mafuta, matumizi ya nishati ya mwili hubaki karibu pale pale tangu umri wa miaka 20 hadi 60, kisha hupungua pole pole. Kwa hiyo, mtu wa miaka 50 aliyenenepa hana budi kutafuta sababu mahali pengine: kazi ya kukaa kitini, safari za miguu zilizopungua, na sahani iliyobaki kubwa wakati matumizi yamekuwa madogo.

Hata hivyo, umri huleta mabadiliko ya kweli. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika, ambacho ndicho kipimo cha injini ya mpanda baiskeli, hupungua kwa wastani wa asilimia 10 hivi kila miaka kumi baada ya umri wa miaka 30. Misuli nayo hupungua wingi na nguvu, hasa ile isiyotumiwa. Swali ni hili: ni sehemu gani ya upungufu huo iletwayo na umri, na ni sehemu gani iletwayo na kukaa bure?

Wataalamu wa King's College London walijaribu kulijibu swali hilo kwa kuwachunguza wapanda baiskeli 125 wasio wa kulipwa, wanaume 84 na wanawake 41, wenye umri wa miaka 55 hadi 79. Ili achaguliwe, mwanamume alipaswa kuweza kwenda kilometa 100 kwa muda usiozidi saa 6 na nusu, na mwanamke kilometa 60 kwa muda usiozidi saa 5 na nusu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Birmingham, yalionyesha kwamba miongoni mwa watu hao mafuta ya mwili hayakuongezeka kwa kadiri ya umri, na misuli yao haikuonyesha upungufu uliotarajiwa. Injini ya oksijeni, hata hivyo, ilikuwa ndogo zaidi kwa wale waliokuwa wazee zaidi. Msomaji makini atatambua kwamba uchunguzi wa namna hii hauwezi peke yake kuthibitisha sababu, kwani huenda wenye miili imara ndio walioweza kuendelea na baiskeli. Lakini unatosha kukanusha dhana kwamba kila mzee lazima anenepe na kulegea.

KWA NINI MIZANI HUVUNJA MOYO

Kilo moja ya mafuta ya mwili huhifadhi takriban kilojuli 32,000 za nishati. Mpandaji anayetoa wati 100 kwenye pedali kwa saa moja hufanya kazi ya kilojuli 360. Misuli, kama injini nyingine, hupoteza sehemu kubwa ya nishati kwa njia ya joto, na kwa watu wengi kazi inayofika kwenye pedali haizidi robo ya nishati iliyotumiwa. Hivyo, kilojuli 360 za pedali hugharimu takriban kilojuli 1,500 za mwili. Ukigawa 32,000 kwa 1,500 utapata saa 21 na zaidi. Hizo ndizo saa za kuendesha baiskeli zinazohitajika kuondoa kilo moja ya mafuta, kwa sharti kwamba chakula hakikuongezwa.

Sharti hilo ni gumu. Nusu lita ya soda nyingi huwa na takriban gramu 50 za sukari, na kila gramu ya sukari hutoa kilojuli 17. Chupa moja, basi, hurudisha kilojuli 850, ambazo ni jasho la zaidi ya nusu saa. Mtu anayejizawadia soda na maandazi kila baada ya safari hupokea kwa mkono wa kushoto alichokitoa kwa mkono wa kulia.

Isitoshe, mizani haipimi mafuta peke yake. Hupima pia maji, chakula kilicho tumboni na akiba ya wanga iliyomo katika misuli na ini, iitwayo glaikojeni. Kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Mtu anaporejea kwenye mazoezi, misuli yake huanza kuweka akiba kubwa zaidi ya glaikojeni, na uzito unaweza kupanda hata ikiwa mafuta yanapungua. Kinyume chake, anayetokwa na lita moja ya jasho hupungua kilo moja jioni ile ile, na huirudisha mara tu anapokunywa maji. Kwa hiyo, mshale unaweza kucheza kilo moja au mbili kwa siku chache pasipo mafuta kuongezeka au kupungua kwa kiasi cha maana. Kuukasirikia mshale huo, au kuufurahia, ni kuufuata upepo.

Lakini hesabu hiyo hiyo huonyesha njia. Mtu anayeendesha saa 4 kwa juma hutumia kilojuli 6,000. Akipunguza gramu 15 za sukari kwa siku, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, huokoa kilojuli 255 kila siku, au 1,785 kwa juma. Jumla ni kilojuli 7,785 kwa juma, na kwa majuma manne ni kilojuli 31,140, ambazo zinakaribia kilo moja ya mafuta. Katika maisha halisi upungufu huwa mdogo kuliko huo, kwa kuwa mazoezi huongeza njaa na mwili una njia zake za kubana matumizi. Hata hivyo, haba na haba hujaza kibaba. Tatizo ni kwamba kibaba hujaa polepole, na mtu anahitaji kitu cha kumshikilia katika miezi hiyo.

ARI HUTOKA WAPI

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, walitoa mwaka 1985 kitabu kilichoweka misingi ya nadharia mashuhuri kuhusu ari ya binadamu. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, ari idumuyo hulishwa na mahitaji matatu: mtu ajione kwamba ameamua mwenyewe, ajione kwamba anaweza na uwezo wake unakua, na ajione kwamba yu pamoja na wenzake. Shughuli inayoyatimiza mahitaji hayo hupendwa kwa ajili yake yenyewe. Ile inayofanywa kwa hofu, kwa aibu au kwa amri ya mtu mwingine huachwa mara shinikizo linapopungua.

Mizani ya bafuni ni dhaifu katika mambo yote matatu. Humhukumu mtu badala ya kumpa uamuzi, haimwonyeshi uwezo wowote uliokua, na kwa kawaida mtu huipanda akiwa peke yake na mlango umefungwa. Baiskeli, kwa upande wake, inaweza kuyatimiza yote. Mpandaji huchagua njia yake na saa yake, huona kwa macho yake mlima uliomshinda mwezi uliopita ukishindwa mwezi huu, na anaweza kwenda pamoja na mwenzi wake, jirani au mwalimu mwenzake.

Ushahidi wa ajabu wa jambo hili unatoka Ufaransa. Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911, aliurudia mchezo wa baiskeli alipokaribia umri wa miaka 70. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha kilometa 24.251 kwa saa moja katika uwanja maalumu wa baiskeli. Mtaalamu wa fiziolojia Véronique Billat na wenzake walimfuatilia kwa miaka miwili ya mazoezi, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mwendo mwepesi na sehemu ndogo ya mwendo mgumu. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, alikwenda kilometa 26.927 kwa saa. Vipimo vilionyesha kwamba uwezo wake wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa asilimia 13, na nguvu yake ya juu kwenye pedali ilitoka wati 90 hadi 125. Uzito wake haukubadilika. Lau angeiuliza mizani peke yake, ingemjibu kwamba miaka miwili ile ilipita bure. Marchand alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109.

Kwa hakika, mtu mmoja si kanuni, na Marchand hakuwa mnene. Lakini mfano wake unafundisha kwamba mwili wa mzee bado hujibu mazoezi, na kwamba jibu hilo laweza kuonekana kwenye pedali hata pale ambapo mizani imenyamaza.

JARIBIO LA KILIMA

Walimu na wanafunzi wanaweza kulihakikisha jambo hili kwa jaribio rahisi. Ichaguliwe barabara fupi yenye mwinuko, isiyo na magari mengi. Wanafunzi wapime kimo chake kwa kutumia pembe na umbali, kama wafanyavyo katika somo la trigonometria. Mpandaji apimwe uzito pamoja na baiskeli yake, kisha apande kwa mwendo anaoumudu huku mmoja akishika saa. Jaribio lirudiwe kila baada ya majuma mawili, katika saa ile ile ya siku, kwa baiskeli ile ile na hewa iliyotulia.

Na ichukuliwe kwamba kimo ni mita 30, jumla ya tungamo ni kilo 100, na muda ni sekunde 300. Nguvu ya kupanda ni 100 × 10 × 30 ÷ 300, yaani wati 100. Baada ya miezi miwili, jumla imeshuka hadi kilo 98, na muda umekuwa sekunde 245. Nguvu sasa ni 98 × 10 × 30 ÷ 245, yaani wati 120. Wanafunzi waulizwe: katika sekunde 55 zilizookolewa, ni ngapi zilizotokana na kupungua uzito, na ni ngapi zilizotokana na kuongezeka nguvu? Kama nguvu ingebaki wati 100, kilo 98 zingehitaji sekunde 294. Basi uzito uliokoa sekunde 6, na moyo, mapafu na miguu viliokoa 49.

Hapo ndipo ilipo siri ya ari. Katika miezi ya mwanzo kilima husema kabla ya mizani. Mtu anayeandika daftarini muda wake wa kilima, mapigo ya moyo wake aamkapo asubuhi, na mzunguko wa kiuno chake, atakuwa na sababu tatu za kuendelea katika kipindi kile kile ambacho mizani ingemkatisha tamaa. Na kwa kuwa anaendelea, kilo nazo hupata muda wa kutosha wa kupungua.

Inasaidia pia nia iwe na mahali na saa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1999 kwamba mtu anayepanga waziwazi atafanya nini, lini na wapi hutimiza nia yake kwa urahisi kuliko yule anayesema tu kwamba atajitahidi. “Nitafanya mazoezi” ni nia legelege. “Jumanne na Alhamisi, saa 12 asubuhi, nikisha kunawa uso, nitatoa baiskeli na kwenda mpaka kisimani na kurudi” ni mpango.

TAHADHARI

Mtu mwenye umri mkubwa asipunguze uzito kwa pupa. Anayejinyima chakula bila mazoezi hupoteza mafuta pamoja na misuli, na mara nyingi karibu robo ya kilo zilizopungua huwa si mafuta. Kijana huweza kuijenga upya misuli hiyo bila taabu kubwa, lakini kwa mzee huo ni mtaji usiorudi kwa urahisi. Misuli ndiyo itakayomwinua kitini na kumzuia asianguke atakapofika miaka 75. Kwa sababu hiyo, protini isipunguzwe: maharage, dagaa, samaki, mayai na maziwa viendelee kuwa katika mlo. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, isipokuwa kwa wenye maradhi ya figo, ambao hawana budi kufuata maagizo ya daktari.

Tena, baiskeli ina upungufu wake. Kwa kuwa tandiko hubeba uzito wa mwili, mifupa haipati mtikisiko wa kutosha wa kuiimarisha. Mpandaji aongeze kutembea kwa miguu na kazi za kunyanyua, kama kubeba ndoo, kulima, au kusimama na kuketi mara nyingi bila kujishika. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye shinikizo kubwa la damu, na mwenye kisukari atumiaye dawa za kushusha sukari wamwone daktari kabla ya kuanza, kwani dawa hizo zikikutana na mazoezi huweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Mwalimu anayelifanya jaribio hili na darasa lake atakuwa amefundisha kazi, nguvu, nishati na trigonometria kwa pamoja. Na mwanafunzi atakayekwenda nyumbani na saa yake, akamshawishi baba au mama kuitoa baiskeli nyuma ya nyumba na kupanda kilima cha kijijini mara moja kila majuma mawili, atakuwa ameipeleka sayansi mahali inapohitajika. Matokeo yaandikwe daftarini tangu siku ya kwanza, hata kama siku hiyo mpandaji alilazimika kushuka na kukokota.